Shikamoo Niliyoiuza

Asalaam aleikum. Na ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Ahsanteni. Mtaniruhusu nizungumze nikiwa nimekaa. Nimekuja kutoka Mlola nimebanwa katikati ya magunia ya karoti, na kabla ya kupanda gari nilishalima matuta mawili. Mgongo umekataa mambo ya kusimama.

Muuguzi wetu ameniomba mara tatu nishuhudie. Mara ya kwanza nikasema naumwa koo. Mara ya pili nikasema mama hawezi kubaki peke yake. Wiki iliyopita akaniambia mbele yenu, "Dada, hapa kila mtu ameshaeleza simu ilivyomtenda. Wewe unakaa kwenye kona unatusikiliza kama mkaguzi wa shule." Mkacheka. Nami nikacheka, lakini nilikwenda nyumbani nimenyong'onyea, kwa sababu alisema kweli.

Basi nisikilizeni. Mmoja wenu alinaswa na mikeka ya kubashiri mpira mpaka akasahau mvua za vuli zimeanza. Mwingine alinaswa na picha za watu asiowajua. Na wapo wawili, nawajua, walinaswa na ule mchezo wa bustani, ule wa yule msichana anayesimama kwenye geti. Mimi sikunaswa na chochote. Mimi ndiye niliyekuwa natega. Ule mchezo wa bustani ulitoka kwenye ofisi yangu. Anayetaka kutoka nje sasa hivi atoke, wala sitamlaumu.

Hakuna? Haya. Mama wa pale dirishani, usiniangalie hivyo, nitafika.

Nimezaliwa Mlola. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akanilea kwa kabichi na njegere. Shuleni nilikuwa wa kawaida tu, ila nilijaliwa sauti. Mwalimu akitaka kitu kisomwe mbele ya wageni, ananiita mimi. Sauti hiyo ndiyo iliyonishusha mpaka Tanga, nikaajiriwa redioni kusoma matangazo. Matangazo ya vifo, ya mikutano, ya ng'ombe waliopotea. Nilikuwa nasoma jina la marehemu polepole, na majina ya ndugu wote, simruki hata mmoja. Watu walikuwa wananisimamisha sokoni: "Wewe ndiye uliyemtangaza baba yetu. Ahsante, ulimsoma vizuri." Nawaambia, katika kazi zote nilizofanya, ile ndiyo niliyostahili mshahara wake.

Lakini binadamu tunapenda ngazi. Nikatoka kwenye kipaza sauti nikaenda kwenye mauzo ya matangazo, kisha nikawa mkuu wa vipindi. Dar es Salaam wakanisikia, nikahamia televisheni, nikawa meneja, nikawa mkurugenzi. Nikaanza kuongea kwa haraka. Watu wakaacha kuwa watu, wakawa watazamaji. Baada ya hapo ikaja kampuni ya michezo ya simu. Walikuwa na vijana wanaojua kutengeneza mchezo, hawakuwa na mtu anayewajua Watanzania. Wakaniambia, "Dada, wewe unawajua watu. Njoo utuongoze." Nikaenda. Nilipewa ofisi ghorofa ya saba, ina ubaridi wa mashine, nikasema angalau nimepata kibaridi cha Usambara.

Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, sitausema vibaya. Una kibustani chako mlimani, unapanda, unamwagilia, unavuna. Vijana waliupenda. Tatizo likawa kina mama. Wanafungua mara moja, wanaona, "Aa, kulima tena?" wanafunga. Siku moja tuko kikaoni, mwenye kampuni akapiga meza: "Kina mama hawakai. Tufanye nini wakae?"

Wengine wakatoa mawazo yao, mara maua, mara muziki. Mimi nilikuwa nimechoka, tumbo linaniuma, vidonda vilishaanza. Nikasema, "Waamkieni."

Wakacheka. Nikawaambia, "Msicheke. Mama wa Kitanzania anaweza kuipuuza kengele. Anaweza kumpita mtu anayemuuzia kitu kama hamwoni. Lakini shikamoo haipiti. Hata kama mmegombana, hata kama ana haraka, ataitikia. Akishaitikia amesimama. Akishasimama, ni wenu."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe, hakunifundisha mtu. Nilifundishwa adabu na mama yangu, nikaenda kuifungua mbele ya wafanyabiashara kama mtu anayewaonyesha wezi mlango wa nyumba ya mama yake.

Wakamchora msichana wa kusimama kwenye geti la bustani, wakatafuta mtu wa kumrekodia sauti. Walileta wasichana watatu, kila mmoja anaigiza. Nikasema nipisheni. Nikaingia kwenye kile chumba chenye magodoro ukutani, nikavua viatu, nikafumba macho. Nikamfikiria mama anavyopanda kilima na mzigo wa majani ya ng'ombe, mimi nimesimama juu namsubiri. Nikasema, "Shikamoo mama." Mara moja tu. Fundi akainua vidole gumba viwili.

Ndugu zangu, sikuigiza. Ndiyo maana ilinasa.

Na haikuishia hapo. Baada ya muda wakaja na nyongeza: mtu asipogusa kioo kuitikia, yule msichana wa kwenye geti ainamishe kichwa, aseme, "Mama, mbona huitikii?" Na akiendelea kunyamaziwa, mboga zianze kunyauka. Karatasi ya kuruhusu ikaletwa mezani kwangu. Niliisoma mara mbili. Kitu kidogo ndani kiliniambia, hii ni kumsuta mtu mzima nyumbani kwake. Nikasaini, kwa sababu kulikuwa na kikao kingine kinanisubiri. Na ile sauti ya pili niliirekodi mwenyewe pia.

Kina mama wakakaa. Mstari wa takwimu ukutani ukapanda kama njia ya kwenda Magamba. Nikapigiwa makofi, nikaalikwa kwenye makongamano kueleza siri ya mafanikio. Nilikuwa nasimama jukwaani nasema, "Mjue mteja wako," huku nikimeza vidonge vya tumbo. Mama mwenyewe nilikuwa naongea naye kila Ijumaa. Ikawa Ijumaa moja moja. Idi ya kwanza sikuja, nilikuwa safarini. Ya pili sikuja, nilikuwa nimechoka tu, nilitaka kulala. Nikamtumia simu kubwa, mpya, na mchezo wetu nimeshauweka ndani. Nilijisifu kabisa. Nikasema, mama asipweke.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilimtanguliza mama yangu.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye shamba lake na letu yamepakana, alinipigia. "Mwanangu, njoo umwone mama yako." Nikamuuliza, anaumwa? Akasema, "Haumwi. Njoo umwone." Nikamwambia nitakuja. Akapiga tena baada ya mwezi: "Mama yako hakuja msaragambo wa mfereji. Mara ya pili hii." Ninyi mnajua kwetu. Mfereji ukizibuliwa, kila nyumba inatoa mtu. Mama yangu alikuwa anafika wa kwanza, hata mwaka ule aliovunjika kidole. Nikasema moyoni, amezeeka, apumzike. Sikuelewa kwamba wanawake wenzake walikuwa wameacha kupita kumwita.

Idi ya tatu nikaja. Niliacha gari barabarani nikashuka kwa miguu, ukungu umekaa juu ya migomba. Shamba nililikuta majani yamezidi kabichi. Mlango wa jikoni uko wazi. Mama amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, moto umebaki majivu. Nikasimama mlangoni nikasema, "Shikamoo mama."

Akasema, "Marahaba mwanangu." Hakugeuka. Kidole chake kikagusa simu.

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikarudia, "Mama, shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Leo una haraka," akasema, bado anaitazama ile simu, na akaigusa tena.

Nikatembea mpaka mbele yake. Akaona viatu vyangu, akainua kichwa. "Aa! Kumbe umekuja!" Alifurahi, wallahi alifurahi, akataka kuinuka. Ndipo ile simu ikasema mkononi mwake, kwa sauti yangu, "Shikamoo mama." Akakaa tena. Akaniambia, "Ngoja kwanza nimwitikie, asije akanuna."

Nisameheni. Ahsante, maji yanatosha.

Nilifanya nilichojua kufanya. Niliichukua ile simu nikaufuta mchezo pale pale, mbele yake. Nikamwambia, "Mama, ni mchezo tu huu. Si mtu."

Akasema, "Unaniona mjinga? Najua si mtu. Lakini sauti ni ya kwako. Wewe ulikuwa hupigi. Huyu alikuwa ananiamkia kila asubuhi, na mchana, nikichelewa ananiuliza mbona siitikii. Nani mwingine alikuwa ananiuliza? Sasa umemfukuza anayekuja, na wewe mwenyewe Jumapili unaondoka."

Na kweli Jumapili niliondoka. Asubuhi ile nilipiga goti nikasema, "Shikamoo mama." Akawa anaangalia nje mlangoni. Nikarudia. Hakuitikia.

Ndugu zangu, ninyi ni watu wazima, sina haja ya kuwaeleza maana ya kunyimwa marahaba na mama mzazi. Mtu anaweza kufukuzwa kazi akapata nyingine. Radhi ya mama unaipata wapi ukishaipoteza? Niliteremka mlima mpaka Mombo nimeshika usukani bila kujua nimepita wapi.

Ofisini nikaomba ile sauti itolewe. Kwanza niliomba kwa upole. Mwenye kampuni akaniambia, "Lakini wewe ndiye uliyetuletea." Nikaomba basi itolewe ile ya pili tu, ya kusuta. Akanionyesha mkataba: sauti niliyorekodi pale ni mali ya kampuni. Nikagomba. Nikagomba kila kikao mpaka watu wakawa wananiona naingia wanashusha macho. Nisiwadanganye kwamba niliacha kazi kishujaa. Niliondolewa, kwa barua fupi yenye maneno mazuri.

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilijifungia ndani ya nyumba ya kupanga, mapazia yamefungwa, siogi, sili. Mtu aliyekuwa anaongea siku nzima nikawa sina neno. Marafiki wa makongamano hawakuja. Aliyenitafuta ni yule yule jirani, akamwagiza dereva wa gari la mboga anayeshuka Kariakoo aje agonge mlango wangu. Alisimama nje, akasema, "Mama yule wa Mlola amesema nisirudi bila wewe, na mimi siwezi kugombana naye, ananiuzia karoti." Nikatoka na begi moja. Nilirudi nyumbani nimekaa juu ya makasha matupu ya nyanya, mkurugenzi mzima.

Mnadhani mama alinikimbilia? Alinipa chakula, alinipa kitanda. Lakini kila asubuhi nilipiga goti, "Shikamoo mama," naye kimya. Wiki zikapita. Nikajaribu Kishambaa, "Onga makeo," kimya vile vile. Nililia kwa yule jirani, nikasema mama ananichukia. Akaniambia, "Hakuchukii. Ile sauti imemchosha. Ukifungua mdomo hasikii mtu pale, anasikia simu." Na akanileta hapa Lushoto kwa muuguzi wetu, kwa ajili ya tumbo. Muuguzi alinipa dawa ya tumbo, kisha akavuta kiti, akaniuliza, "Na hilo lingine?" Hakunipa dawa ya hilo lingine. Aliniambia nile, nilale, nishike jembe, na nije hapa kila wiki, hata kama nitakaa kwenye kona.

Nikashika jembe. Mikono iliota malengelenge, wanawake wa Mlola wakanicheka mpaka basi, wananiita "bosi". "Bosi, hizo ni karoti, si magugu!" Nikacheka nao kidogo. Msaragambo ulipoitishwa, nikaenda kwa niaba ya mama. Hawakunisemesha sana. Walinipa sehemu mbaya kabisa ya mfereji, penye tope na mizizi, na mvua ikatupata palepale. Nikachimba mpaka wakaniambia inatosha. Nilipomaliza, mmoja wao akaniwekea kanga kavu mabegani bila kusema kitu.

Nilipoamka kesho yake sina sauti. Hata ya kunong'ona. Koo limefunga kabisa. Nikasema moyoni, na hii nayo imekwenda. Lakini mazoea yana nguvu, miguu ikanipeleka kwa mama. Alikuwa nje anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga goti mbele yake, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Mama aliendelea kuchambua. Kisha mikono ikapunguza kasi. Alikuwa anaisubiri ile kelele ya kila asubuhi, na haikuja. Akainua macho. Akaniangalia usoni, nawaambia, kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Nikamwonyesha koo kwa kidole. Akaweka ungo chini, akanishika shingo kwa mkono wenye vumbi la maharage.

"Una homa," akasema. "Jana ulikwenda mferejini?"

Nikatikisa kichwa kuitika.

"Badala yangu?"

Nikaitika tena.

Bado nimepiga goti kwenye ule udongo wa baridi, magoti yananiuma. Akanipangusa lile vumbi la maharage shingoni. Akasema, "Marahaba mwanangu. Inuka, nikakuchemshie tangawizi."

Basi. Hakukuwa na muziki, wala mtu wa kupiga makofi. Nilikunywa tangawizi jikoni, nikalala mpaka adhuhuri.

Msifikiri mambo yamenyooka. Sauti yangu ilirudi, na mpaka leo nikimwamkia mama hanijibu mara moja. Ananitazama kwanza usoni, anahakikisha, halafu ndipo anaitikia. Hiyo ni adhabu yangu na naikubali. Mimi mwenyewe bado ni mtu aliyechoka. Kuna siku naamka natamani ile ofisi, natamani kuogopwa. Siku hizo nazieleza hapa, muuguzi ananiambia kunywa chai, nami nakunywa chai.

Nawashukuru. Namshukuru yule jirani, ambaye hapendi mikutano, hakuja. Dereva wa gari la mboga, naye leo amenileta bure. Muuguzi wetu, aliyenivumilia kwenye kona. Wanawake wa mfereji, walionipa tope. Na ninyi, ambao hamkutoka nje niliposema atakaye atoke.

La kuwaambia ninalo moja tu. Wenye wazazi vijijini, msipeleke simu mahali mnapotakiwa kwenda wenyewe. Na ukikuta mzee wako ameshanaswa, usimnyang'anye kama nilivyofanya mimi. Kaa naye kwanza, umwamkie siku nyingi, mpaka aichoke mwenyewe.

Na ninyi wawili wa bustani. Mama wa dirishani, nimefika kwako sasa. Ule mchezo bado upo kwenye simu za watu, na sina uwezo wa kuutoa. Najua mnachoogopa, mmeshasema hapa: mnaona vibaya kuacha shikamoo bila kuitikiwa, mmelelewa vizuri. Sasa nawaambia mimi mwenye sauti. Nimewaruhusu. Akisema "Mama, mbona huitikii?" mwacheni ainamishe kichwa chake, mboga zake zinyauke zote. Hamtakuwa mmemkosea adabu mtu yeyote. Yule hana mama. Mimi ninaye, yuko Mlola, na gari linaondoka saa kumi.